Asili na Nakala: Udhibiti wa Hati Jinja na Mbale tangu Enzi ya Masjala hadi Enzi ya Viungo

Kila hati inayotoka mikononi mwa mwenyewe huacha nyuma swali la nani ataisoma, nani atainakili, na kama aliyeitoa atakuwa bado na uwezo wa kuirudisha siku atakapobadili nia. Katika ofisi za leo swali hilo hujibiwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kiambatisho, yaani faili zima linaloambatanishwa na barua pepe na kumfikia mpokeaji likiwa nakala kamili, nakala ambayo mtumaji hana tena amri juu yake. Ya pili ni kiungo, yaani anwani ya kielektroniki inayompeleka msomaji kwenye hati moja tu iliyobaki kwa mwenyewe, ambaye anaweza kumruhusu huyu na kumzuia yule, kuweka tarehe ambayo baada yake hati haitafunguka, kuiondoa kabisa, na kuona katika kumbukumbu za mfumo ni nani aliyeifungua na saa ngapi. Kwa upande wa mitambo njia hii ya pili ni changa, lakini fikra iliyomo ndani yake ni kongwe kuliko kompyuta, na miji ya Jinja na Mbale, mashariki mwa Uganda, imeishi na mvutano kati ya asili inayobaki ofisini na nakala inayotembea kwa zaidi ya karne moja.

Historia ya miji hiyo miwili inafaa kuchunguzwa kwa sababu inaonyesha kwamba udhibiti wa hati haukuwa wa namna moja hata ulipotumia vifaa vilevile vya karatasi, wino na muhuri. Ulikuwapo udhibiti ambao kumbukumbu zake zilikuwa wazi kwa kila aliyehusika, na ulikuwapo ule ambao kumbukumbu zake alizijua mwenye ufunguo peke yake. Aina hizi mbili zilikaa katika majengo yaleyale, wakati mwingine zikiendeshwa na makarani walewale, na matokeo yake kwa wenyeji yalitofautiana sana.

Jinja ilichukua nafasi ya Iganga kama makao ya utawala wa Busoga mwanzoni mwa karne ya 20, kwa kuwa ilikaa pale ambapo mto Nile unatoka katika Ziwa Victoria na njia za maji na nchi kavu zinapokutana. Reli ya kwenda Namasagali ilifunguliwa mwaka 1912, na mwaka 1931 daraja la reli lilivuka Nile na kuiunganisha pwani ya Kenya na Kampala. Mbale, kwa upande wake, ilianza kukua kuzunguka makazi ya Semei Kakungulu, kiongozi wa Kiganda aliyeutanguliza utawala wa Waingereza katika nchi za mashariki kabla ya kuachana nao, na ambaye mwaka 1919 alianzisha huko jumuiya ya Kiyahudi ya Abayudaya ambayo ipo hadi leo. Jinja ikawa makao ya Jimbo la Mashariki, na Mbale ikawa makao ya utawala wa Bugisu na, kwa muda mrefu, pia ya Bukedi, hali iliyosababisha mgogoro mkali wa mpaka uliofanya mji huo utajwe peke yake, kama eneo lisilo la upande wowote, katika katiba ya uhuru ya mwaka 1962.

Utawala wa kikoloni katika miji ya namna hii uliendeshwa kwa barua, na barua ziliendeshwa na masjala, yaani chumba ambamo majalada yote ya ofisi yalihifadhiwa chini ya karani maalumu. Kila jambo, liwe kodi ya kichwa, mgogoro wa uchifu au ombi la kibali cha duka, lilikuwa na jalada lake lenye namba, na kila barua iliyoingia katika jalada hilo ilipewa namba yake ya ukurasa, ili karatasi ikichomolewa pengo lionekane. Upande mmoja wa jalada zilikaa barua. Upande wa pili ilikaa karatasi ya maoni, ambapo ofisa mmoja baada ya mwingine aliandika kwa mkono alichofikiri, akatia saini fupi na tarehe, kisha akaelekeza jalada kwa mwenzake. Karani wa masjala, ambaye katika miongo ya mwanzo mara nyingi alikuwa Mgoa, Mhindi au Mganda aliyesoma shule za misheni, alikuwa na daftari la mizunguko ya majalada lililoonyesha jalada gani lipo mezani kwa nani na tangu lini. Tarishi aliyebeba barua kutoka ofisi hii hadi ile alitembea na daftari dogo la makabidhiano, na mpokeaji hakupewa bahasha kabla ya kutia saini mbele ya namba yake.

Jambo la kuzingatia katika utaratibu huu ni kwamba kilichosafiri kilikuwa jalada lenyewe, na nakala zilikuwa chache kadiri ilivyowezekana. Msomaji aliifikia hati asili, akaongeza maoni yake ndani yake, akairudisha. Na kwa kuwa asili ilikuwa moja, ilikuwa rahisi kujua nani ameiona na nani bado. Nakala za kaboni, zilizotengenezwa kwa kuweka karatasi yenye wino mkavu kati ya kurasa ndani ya taipureta, zilikuwapo, lakini kila nakala ya chini ilififia kuliko iliyo juu yake, na karatasi ya nne au ya tano ilisomeka kwa shida, hivyo ufundi wenyewe uliweka mpaka wa idadi. Kwa nyaraka za siri serikali iliongeza ulinzi mwingine: kila nakala ilipewa namba yake, ikaandikwa imekwenda kwa nani, na ikafungwa katika bahasha mbili, ya ndani yenye alama ya siri na ya nje isiyo na alama yoyote. Mtu anayetazama leo orodha ya waliofungua hati ya kielektroniki anatazama, kwa sura nyingine, daftari la tarishi na la karani wa masjala.

Masjala za utawala, hata hivyo, zilidhibiti hati kwa faida ya serikali yenyewe. Mfumo uliogusa mali ya raia, na ambao unakaribia zaidi fikra ya kiungo, ni usajili wa ardhi, nao unastahili kuelezwa kwa urefu.

Katika desturi ya zamani ya Uingereza uthibitisho wa umiliki wa ardhi ulikuwa furushi la hati zilizokaa kwa mwenye ardhi: hati ya aliyemuuzia, hati ya aliyemuuzia huyo, na kuendelea nyuma vizazi kadhaa, na mnunuzi alilazimika kumlipa mwanasheria azisome zote akitafuta kasoro. Umiliki ulikuwa ndani ya karatasi, na karatasi iliweza kuibwa, kughushiwa au kuungua. Mwaka 1858 koloni la Australia Kusini lilipitisha sheria iliyotungwa na Robert Torrens, mtu aliyekuwa ameongoza idara ya forodha huko Adelaide, ambayo iliupindua utaratibu huo. Kuanzia hapo umiliki ulitokana na maandishi yaliyomo katika daftari la usajili linaloshikiliwa na serikali, na karatasi aliyopewa mwenye ardhi ikawa nakala tu ya ukurasa wa daftari hilo. Mauzo hayakukamilika kwa kutia saini wala kwa kulipa fedha. Yalikamilika pale msajili alipoandika jina jipya.

Uganda iliuchukua mfumo wa Torrens kwa sheria ya usajili wa hati za ardhi ya mwaka 1922, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 1924 na ambayo, pamoja na marekebisho, bado ni msingi wa usajili wa ardhi nchini. Katika Buganda sheria hiyo ilikuta ardhi ya mailo, yaani maeneo yaliyogawiwa kabaka (mfalme wa Buganda), machifu na watu wengine mashuhuri kwa mkataba wa mwaka 1900. Busoga na Bugisu hazikuwa na mgao wa aina hiyo, na sehemu kubwa ya mashamba yake ilibaki chini ya desturi za koo, ingawa kwa macho ya serikali ilihesabiwa kuwa ardhi ya Taji. Kwa hiyo usajili katika Jinja na Mbale ulianza hasa na viwanja vya mjini, ambavyo serikali ilivikodisha kwa miaka maalumu kwa wafanyabiashara, wengi wao wakiwa Wahindi waliojenga maduka yenye baraza mbele, makazi nyuma au ghorofani, na mara nyingi mwaka wa ujenzi na jina la familia vikichongwa juu ya paa la mbele.

Utendaji wa hati hizo ulikuwa kama ifuatavyo. Hati ilitengenezwa kwa nakala mbili zenye maandishi sawa. Moja ilifungwa katika daftari la usajili katika makao ya serikali, mbali na miji hii. Ya pili alipewa mwenye kiwanja, akaiweka katika sefu ya chuma dukani au katika benki. Chini ya maelezo ya kiwanja palikuwa na nafasi ya mizigo ya ardhi, yaani madai yote yanayokibana kiwanja hicho, na kila rehani, kila upangaji wa muda mrefu na kila uhamisho uliandikwa hapo kwa tarehe, saa na namba ya kumbukumbu. Mtu aliyedai haki katika kiwanja aliweza kuweka zuio, ambalo mawakili wa Uganda huliita kaveati, na tangu hapo msajili hakuruhusiwa kuandika muamala wowote unaolipinga bila kumpa taarifa mwenye zuio. Mnunuzi mwenye busara hakutosheka na hati aliyoonyeshwa dukani. Alilipa ada ndogo na kukagua daftari, kwa kuwa sheria ilimruhusu mtu yeyote kufanya hivyo, na hapo ndipo alipojua kama kiwanja kimewekwa rehani jana yake.

Nguvu ya utaratibu huu inaonekana zaidi hati inapopotea. Mwenye kiwanja aliapa mbele ya kamishna wa viapo kwamba nakala yake imepotea, msajili akatangaza katika Gazeti Rasmi la Serikali, na baada ya kupita muda usiopungua mwezi mmoja bila pingamizi akatoa hati maalumu iliyochukua nafasi ya ile ya kwanza. Karatasi ya zamani, hata kama ingeokotwa baadaye ikiwa safi na yenye muhuri halisi, ilikuwa imekwisha nguvu, kwa sababu daftari halikuitambua tena. Hicho ndicho wataalamu wa leo wanachokiita kufuta ruhusa kutoka mbali, na kilifanyika kwa kalamu na tangazo la gazeti miaka mingi kabla ya seva ya kwanza kuwashwa. Zaidi ya hayo, kilifanyika hadharani: aliyetaka kupinga alikuwa na mwezi mzima wa kujitokeza. Hapa ndipo ubora wa sheria ya 1922 ulipo, kwa maana iliipa serikali uwezo mkubwa wa kubatilisha karatasi iliyo mkononi mwa raia na wakati huohuo ikailazimisha kuutumia uwezo huo mbele ya macho ya watu.

Ubora huo haukuwafikia wote kwa usawa. Gazeti Rasmi lilichapishwa kwa Kiingereza na kusomwa na wachache, safari ya kwenda kukagua daftari ilikuwa na gharama, na mkulima wa Bulambuli kule Bugisu au wa Kamuli kule Busoga hakuwa na ukurasa wake katika daftari lolote.

Aina ya pili ya udhibiti ilijitokeza wazi uhuru ulipokaribia. Mwaka 1961 Wizara ya Makoloni ya Uingereza, chini ya waziri Iain Macleod, ilizielekeza serikali za makoloni zisikabidhi kwa serikali za uhuru nyaraka ambazo zingeweza kuiaibisha serikali ya Uingereza, kuwaumbua polisi, wanajeshi, watumishi na watoa habari wake, au kufichua vyanzo vya upelelezi. Katika Uganda kazi hiyo ilipewa jina la siri la Legacy. Majalada yalipangwa katika makundi mawili, yale yatakayorithiwa na yale yatakayoondolewa, na nyaraka za kundi la pili zilipigwa muhuri wa herufi DG, ambazo mtu asiyejua angezidhani kuwa ufupisho wa cheo cha naibu gavana, lakini kwa wahusika zilimaanisha kwamba msomaji wake lazima awe raia wa Uingereza mwenye asili ya Ulaya. Maelekezo yalifika hadi namna ya kuteketeza: karatasi zichomwe mpaka ziwe jivu na jivu livunjwevunjwe, au zifungwe kwa uzito na kuzamishwa katika maji ya kina kirefu. Pale ambapo kuondoa jalada kungeacha pengo katika mfululizo wa namba, jalada bandia lilipaswa kuwekwa mahali pake.

Jalada bandia ndilo jambo la kutisha kuliko yote katika mpango huo. Utaratibu wote wa masjala, namba za kurasa, daftari la mizunguko na saini za tarishi, ulijengwa ili pengo lionekane. Sasa watu walewale walioujenga walitumia ujuzi wao kulificha. Uganda ilipopata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962, maofisa wapya walirithi mfululizo wa majalada bila njia ya kutambua kilichokuwa kimetolewa. Ilichukua takriban nusu karne, na kesi iliyofunguliwa London na wazee wa Kenya walioteswa wakati wa vita vya Mau Mau, ndipo serikali ya Uingereza mwaka 2011 ilipokiri kwamba ilikuwa imehifadhi kwa siri huko Hanslope Park majalada kutoka makoloni 37, na kuanza kuyafungua kwa umma mwaka uliofuata katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa huko Kew. Kilichochomwa hakikurudi.

Miaka kumi baada ya uhuru, daftari la ardhi nalo lilipata mtihani wake. Tarehe 4 Agosti 1972, akiwa Tororo, mwendo mfupi kutoka Mbale, Rais Idi Amin alitangaza kwamba Waasia wenye uraia wa Uingereza wataondoka Uganda, na muda waliopewa ulikuwa siku 90. Jinja, mji ambao uchumi wake ulitegemea maduka, viwanda vya nguo na shamba kubwa la miwa la familia ya Madhvani huko Kakira, ulipoteza katika wiki chache sehemu kubwa ya wenye viwanja wake. Mitaa ya biashara ya Mbale ilipoteza vivyo hivyo. Waliondoka wakiwa wamejaza fomu za kuorodhesha mali walizoacha, na baadhi yao walibeba hati zao za umiliki hadi Leicester na London, huku wengine wakiziacha kwa benki zilizozishikilia kama dhamana ya mikopo. Bodi ya kusimamia mali za Waasia walioondoka iliundwa mwaka uliofuata, na majengo yakagawiwa kwa barua.

Kwa miaka kumi hivi, basi, jengo moja la Main Street ya Jinja liliweza kuwa na maisha matatu ya kimaandishi yasiyokutana: barua ya mgao mkononi mwa aliyekaa ndani, nakala ya hati katika droo ya nyumba ya Uingereza, na ukurasa wa daftari ambao mara nyingi bado ulikuwa na jina la aliyefukuzwa. Sheria ya mali zilizotaifishwa ya mwaka 1982 ilipobatilisha miamala iliyofanywa katika kipindi hicho na kuwaruhusu wamiliki wa awali kudai mali zao, ukurasa wa daftari ulikuwa mahali pa kuanzia. Madai yalipoongezeka katika miaka ya 1990 chini ya serikali ya Yoweri Museveni, wengi walirudishiwa mali kwa sababu hiyo. Lakini mlango mwingine wa hila ulifunguka hapohapo, kwa kuwa mdai aliyekuwa ng'ambo aliwakilishwa na wakala mwenye hati ya uwakili, na hati hiyo ilikuja ikiwa nakala iliyosafiri peke yake, bila daftari la kuilinganisha nalo. Bunge la Kumi la Uganda, miaka karibu 30 baadaye, lilikuwa bado linachunguza kupitia kamati yake jinsi mali za bodi hiyo zilivyorudishwa na kugawiwa.

Upande wa mashamba, hasa katika miteremko ya Mlima Elgon ambako watu wamesongamana na kila kishamba cha kahawa na migomba kina thamani, hati iliyotawala ilikuwa ya aina nyingine kabisa, nayo ni makubaliano ya mauzo yaliyoandikwa kwa mkono. Karatasi mbili za daftari la shule huchanwa katikati, mipaka hutajwa kwa mti, mfereji au shamba la jirani, kiasi cha fedha huandikwa kwa tarakimu na kwa maneno, na chini yake mashahidi hutia saini au alama ya kidole gumba. Tangu mfumo wa mabaraza ya mitaa uliposimikwa baada ya mwaka 1986, mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la ngazi ya kijiji, hugonga muhuri wake na kulipwa kitu kidogo kwa usumbufu. Muuzaji huondoka na karatasi moja, mnunuzi na nyingine, na pale mambo yanapofanywa vizuri ya tatu hubaki kwa mwenyekiti. Kinachoilinda hati ya namna hii ni kumbukumbu ya mashahidi walio hai zaidi kuliko karatasi. Huwekwa sandukuni pamoja na vyeti vya ubatizo na vya shule, na nyumba ikifunikwa na udongo, kama zilivyofunikwa nyumba za Nametsi huko Bududa tarehe 1 Machi 2010, hakuna masjala inayoweza kutoa hati maalumu mahali pake.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998, iliyofuata katiba ya mwaka 1995, iliitambua rasmi milki ya kimila na kuanzisha cheti cha umiliki wa kimila, kinachopitia kamati ya ardhi ya eneo na bodi ya ardhi ya wilaya, na kuandikishwa katika kata ndogo. Kwa maneno mengine iliwapa wakulima wa Bugisu na Busoga njia ya kuwa na ukurasa wao. Wengi hawajaitumia, na wanaosema kwamba sababu ni ujinga wanakosea. Familia nyingi zinahofia kwamba jina moja likishaandikwa, haki za wajane, dada na vijana ambazo desturi ilizitambua bila kuziandika zitamezwa na jina hilo.

Wakati huohuo mashine za kunakili zilikuwa zimeenea katika miji yote miwili, na kwa mara ya kwanza nakala haikufifia. Fotokopi ya hati ya ardhi ilifanana na asili kiasi kwamba ilihitaji muhuri wa wakili kuithibitisha, na muhuri wenyewe uliweza kuchongwa mtaani. Ghushi zilizidi hadi serikali ikaamua kulihamisha daftari lenyewe kwenye kompyuta. Kwa fedha za Benki ya Dunia, mfumo wa taarifa za ardhi ulianza mwaka 2013 katika ofisi sita za majaribio, Jinja ikiwa mojawapo pamoja na Kampala, Wakiso, Mukono, Masaka na Mbarara. Mbale iliingia katika awamu iliyofuata, ofisi za kanda zilipoongezwa nchini. Kurasa za daftari zilipigwa picha, maandishi yake yakaingizwa katika mfumo, na kila ofisa akapewa jina na nywila ya kuingilia, ili anayefungua ukurasa wa kiwanja aache alama ya jina lake na saa. Mwenye kiwanja cha Mbale hakulazimika tena kusafiri hadi Kampala ili ukurasa wake ukaguliwe.

Historia ya kiambatisho na kiungo ilikuwa ikienda sambamba na haya. Kiwango cha kiufundi kilichowezesha barua pepe kubeba faili la aina yoyote kilitolewa mwaka 1992, karibu wakati uleule ambapo wavuti wa Tim Berners-Lee, uliojengwa juu ya wazo la anwani inayoelekeza badala ya kubeba, ulianza kutumika nje ya maabara ya CERN. Kwa muda mrefu kiambatisho kilishinda, na Afrika Mashariki ilikuwa na sababu ya ziada ya kukipendelea. Kabla ya nyaya za chini ya bahari kufika Mombasa mwaka 2009, na kabla mkongo wa taifa wa Uganda haujafika Jinja katika awamu ya kwanza na Mbale katika awamu ya pili, mtandao ulikuwa wa kubahatisha, na faili lililokwisha kupakuliwa lilikuwa salama kuliko anwani ambayo kesho huenda isifunguke. Umeme ukikatika, kiungo hakifungui chochote, ilhali fotokopi inasomeka dirishani. Wanaoulaumu ukaidi wa makarani wanaoendelea kudai nakala za karatasi wanapaswa kulikumbuka hilo.

Kiungo kilipokubalika, hasa baada ya huduma za kuhifadhi hati mtandaoni kama Google Docs na Dropbox kuenea, kilileta uwezo ambao masjala ya Jinja ya mwaka 1930 ingeutamani. Mwanasheria anayetuma rasimu ya mkataba wa kiwanja kwa kiungo anaweza kumruhusu mnunuzi kusoma bila kupakua, kuweka jina la msomaji juu ya kila ukurasa, kuona kwamba ukurasa wa masharti ya malipo umesomwa kwa dakika tatu na ule wa mipaka haukufunguliwa kabisa, na kuifunga hati mauzo yakivunjika. Hata hivyo simu nyingine inaweza kuipiga picha skrini, na tangu hapo nakala hiyo iko huru kama ilivyokuwa fotokopi. Kiungo hakizuii kunakili. Kinachofanya ni kuifanya nakala ipungukiwe na heshima, kwa sababu kila anayeipata anajua mahali ambapo asili inaweza kuulizwa. Hii ni hoja ya Torrens ileile.

Ni katika alama za wasomaji ndipo urithi wa aina zile mbili za udhibiti unapokutana. Daftari la 1924 lilimruhusu kila mtu kulikagua na lilimtangazia kila mtu lilipobatilisha karatasi. Majalada ya DG yalijua wasomaji wake na yalificha hata kuwapo kwake. Mfumo wa kielektroniki unaweza kuendeshwa kwa namna yoyote kati ya hizo, maana mitambo yake haibadiliki. Mpokeaji wa kiungo kwa kawaida haambiwi kwamba dakika zake zinahesabiwa, na mwenye kiwanja haletewi taarifa kila ofisa anapoufungua ukurasa wake. Tume ya uchunguzi wa mambo ya ardhi iliyoongozwa na Jaji Catherine Bamugemereire, iliyoteuliwa mwishoni mwa 2016, ilisikiliza kwa miaka kadhaa malalamiko ya hati ghushi na zilizogongana, mengi yakiwahusu watu waliokuwa ndani ya mfumo wa ardhi wenyewe, ambao nywila iliwaruhusu kwa haki kabisa.

Sheria ya Uganda ya ulinzi wa taarifa binafsi na faragha ya mwaka 2019 inampa mtu haki ya kuuliza kama taarifa zake zinashikiliwa na ofisi fulani, na kujulishwa ni watu gani wengine waliozifikia. Kwa mwenye kiwanja wa Jinja au Mbale ambaye ukurasa wake umefunguliwa na mtu asiyemjua, wiki chache kabla ya zuio lake kutoweka, haki hiyo inaweza kumfikisha kwenye jina la aliyeufungua, mradi mfumo umeliandika, aandike ombi lake, na ofisi ikubali kulijibu.